Saini Halali, Mapatano Batili: Raskazone na Safari ya Kuthibitisha Nyaraka

Asubuhi ya Jumatatu, 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza HMS Fox iliingia bandari ya Tanga peke yake, na nahodha wake, Francis Caulfeild, akaagiza mkuu wa boma aje melini. Aliyekwenda ni Dkt. Auracher, mwanasheria aliyeiongoza wilaya kwa niaba ya serikali ya Kijerumani. Caulfeild hakuja kupiga mizinga, si asubuhi ile. Alikuja kutengua karatasi. Mwezi Agosti, vita vilipoanza tu kule Ulaya, manowari za Kiingereza zilipita Dar es Salaam na Tanga zikafunga mapatano na wakubwa wa miji hiyo: ninyi msifanye uhasama humu bandarini, nasi hatutaibomoa miji yenu. Gavana Heinrich Schnee aliyapenda. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi, aliyachukia. Huko London wakubwa waliyasoma wakayakataa, kwa kuwa manahodha wale hawakuwa na mamlaka ya kuifunga serikali kwa ahadi ya namna ile. Wajerumani wa Tanga hawakuwa wameambiwa. Waliambiwa Jumatatu ile, na Waingereza walikwisha kufika mlangoni.

Auracher alipewa saa moja ausalimishe mji. Akajibu kwamba lazima kwanza awasiliane na wakubwa wake, akarudi nchi kavu, akampelekea Lettow-Vorbeck simu ya maandishi huko Moshi, kisha akavaa sare za jeshi na kuingia kikosini. Caulfeild alikuwa amemwuliza kama bandari imetegwa mabomu, asipate jibu la kueleweka. Akaondoka kurudi kwenye msafara wa meli 14 uliokuwa ukingoja nje baharini na askari wapatao 8,000 waliotoka India. Kwa hofu ya mabomu ambayo hayakuwepo, walipoteza saa nyingi wakifagia maji, na badala ya kuingia bandarini wakaanza kuteremka usiku kwenye fukwe za Raskazone, chini ya genge lenye nyumba waliyoiita Nyumba Nyekundu.

Wasimulizi wa vita vya Tanga hawakawii kukimbilia kwenye nyuki. Ni kweli nyuki walitoka kwenye mizinga yao tarehe 4, wakawauma wa pande zote mbili, na Uingereza ukazuka uvumi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Lakini kwangu mimi jambo zito ni lile la melini. Hakuna aliyeghushi kitu. Nahodha aliyekubaliana na wakubwa wa Tanga mwezi Agosti alikuwa nahodha kweli, na jina lake lilikuwa lake. Hakuna mtaalamu wa maandishi ambaye angeona dosari. Hata hivyo, mapatano yale yalikuwa hewa, maana kujua nani amesaini si sawa na kujua amesaini kwa mamlaka ya nani. Mambo haya mawili yamechanganywa tangu zamani, na siku hizi, tunapoambiwa kwamba hesabu za kompyuta zimemaliza ubishi wa nyaraka, yanachanganywa tena.

Watu wa Mrima, yaani pwani hii, walikuwa na njia yao ya kulitazama suala hili. Hati ya kuuza shamba la minazi au ya kukiri deni, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ilimtaja mtu kwa jina lake na la babaye, mara nyingine na la babu, ikataja mipaka ya shamba kwa majina ya majirani, na chini kabisa wakaandikwa mashahidi. Uzito wa hati ulikuwa kwa hao mashahidi. Wino ulikuwa wa kuwakumbusha tu. Ubishi ukitokea, kadhi hakukaa kuupima mwandiko, aliwaita watu. Udhaifu wa njia hiyo nao haukufichika: mashahidi hufa, huhama, hununuliwa.

Mzungu alipokuja na karatasi zake, alichukua umbo la desturi hiyo akaacha kiini chake. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba. Ule wa Msovero, ambao kila mwanafunzi wa Tanzania amesimuliwa habari za Chifu Mangungo kwa ajili yake, ulikuwa wa Kijerumani, lugha ambayo aliyeweka alama yake hakuweza kuisoma, na mashahidi wa upande wa Kizungu walikuwa wenzake Peters mwenyewe. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alitoa barua ya ulinzi juu ya nchi hizo. Makaratasi yale yaliheshimiwa Berlin kwa sababu Berlin ilitaka kuyaheshimu. Sultani Barghash wa Unguja alilalamika, na manowari za Kijerumani zikamjibu.

Nirudi vitani kwa kifupi. Kikosi cha kwanza cha Waingereza kilishambulia tarehe 3 kikarudishwa nyuma. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck alifika kwa treni ya reli ya Usambara, akapanda baiskeli, akapita katika mji uliokuwa kimya na kusogea hadi upande wa Raskazone kuziangalia meli za adui zilizowaka taa. Mchana wake ndio uliokuwa wa mapigano makubwa. Askari wake hawakuzidi elfu moja kwa mbali, lakini jioni Waingereza walikuwa wanakimbilia fukweni, na tarehe 5 wakapanda meli zao. Walipoteza zaidi ya watu 800, wakiwemo waliokufa na waliojeruhiwa. Walichokiacha nyuma, bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000, kilimsaidia Mjerumani kuendelea na vita.

Katika msafara huo alikuwemo ofisa wa upelelezi aitwaye Richard Meinertzhagen. Baada ya kushindwa alitumwa chini ya bendera nyeupe kuzungumza na Wajerumani habari za majeruhi. Mtu akisoma kitabu chochote cha Kiingereza kuhusu Tanga, mwisho atakutana naye, kwa sababu alikuwa na jambo ambalo wanahistoria hulipenda kupita kiasi, nalo ni shajara. Aliandika, au alidai kuandika, siku kwa siku: jenerali alisema nini, nani alikuwa mwoga, yeye mwenyewe aliwazuiaje kwa bastola askari waliokuwa wakikimbia. Mwaka 1960 alichapisha sehemu yake katika kitabu, na toka hapo kumbukumbu za Raskazone kwa Kiingereza zimekuwa nusu ni zake.

Ila shajara hiyo ilipigwa taipu kwenye karatasi zisizoshonwa. Majalada zaidi ya 70 yaliishia Oxford, na ukurasa wa karatasi ya namna hiyo unaweza kuchomolewa na mwingine kuchomekwa bila kuacha kovu. Watafiti J. N. Lockman, mwaka 1995, na Brian Garfield, mwaka 2007, walionyesha kwamba mengi aliyoyaandika ameyatengeneza baadaye ili yeye aonekane shujaa. Kisa kinachochekesha zaidi kinatoka Palestina. Mwaka 1917 Waingereza waliwaangushia Waturuki mkoba wenye nyaraka za uongo, na kwa miaka mingi Meinertzhagen alisifiwa kuwa ndiye aliyebuni hila hiyo na kuupeleka mkoba kwa farasi. Kwa mujibu wa watafiti hao, wazo lilikuwa la ofisa mwingine, Belgrave, na aliyepanda farasi ni Neate. Yaani nyaraka za kughushi, halafu hata habari ya nani alizighushi nayo ikaghushiwa.

Aliyemfichua kwa ushahidi mgumu kuliko wote hakuwa mwanahistoria wa vita. Meinertzhagen alikuwa pia mkusanyaji mashuhuri wa ndege, na maelfu ya ngozi za ndege alizozitoa ni mali ya jumba la makumbusho ya viumbe la London. Mmoja ni bundi mdogo wa msituni wa India, ambaye kibandiko chake kinasema alipatikana Mandvi, Gujarat, Oktoba 1914, mwezi uleule msafara wa Tanga ulipong'oa nanga Bombay. Pamela Rasmussen na wenzake walimpiga bundi huyo picha za eksirei. Waliona ngozi imefumuliwa na kujazwa upya, na chini ya kazi hiyo mpya wakatambua mkono wa mtu mwingine, James Davidson, aliyekusanya ndege India katika karne ya 19. Bundi alikuwa ameibwa na kubandikwa kibandiko kipya. Rasmussen akatambua kwamba wataalamu walikuwa wakimtafuta ndege huyu mahali pasipo pake. Mwaka 1997 yeye na wenzake walikwenda kwenye maeneo ya kumbukumbu za kweli, wakamkuta bundi yu hai, baada ya miaka zaidi ya 100 ya kudhaniwa huenda ametoweka.

Kilichomwumbua Meinertzhagen ni kwamba kibandiko hubadilishwa kwa urahisi, ila mshono wa mkono wa mtu hauondoki. Faili la kompyuta halina mshono. Hati iliyoandikwa leo na kupewa tarehe ya mwaka juzi haina wino wa kupima wala karatasi ya kuimulika. Nakala ya elfu moja haitofautiani na ya kwanza. Basi ushahidi wake ulipaswa kutafutwa mahali pengine kabisa, na ulipatikana katika hesabu.

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha wazo kwamba mtu anaweza kuwa na funguo mbili zinazokwenda pamoja: mmoja wa siri, anaobaki nao mwenyewe, na mwingine wa wazi, anaoweza kuugawa kwa dunia nzima. Anachokifunga kwa ule wa siri, yeyote anaweza kukihakiki kwa ule wa wazi, lakini kutoka kwenye ule wa wazi huwezi kuupata wa siri. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wa MIT walipata fomula ya kulitimiza hilo, ambayo mpaka leo inaitwa RSA kwa herufi za majina yao. Wenyewe hawakujua kwamba Clifford Cocks, mtumishi wa idara ya siri ya mawasiliano ya Uingereza, aliipata fomula hiyohiyo mwaka 1973, ikafungiwa kabatini hadi Desemba 1997. Fani nzima ya kuthibitisha nani alisema nini na lini, na kwa miaka 20 yeye hakuruhusiwa kuthibitisha kwamba alitangulia.

Kinachosainiwa si hati nzima. Kompyuta kwanza huisaga hati kuwa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi, ambao wataalamu huuita heshi, kama alama ya kidole cha faili. Kwa kanuni iitwayo SHA-256, neno hello huzaa mfuatano wa herufi 64 unaoanza na 2cf24dba. Fanya ile h kuwa kubwa, Hello, na mfuatano mpya unaanza na 185f8db3, na kuendelea mpaka mwisho haufanani na wa kwanza. Mkataba wa kurasa 300 ukihamishwa nukta moja utatendwa vivyo hivyo. Heshi hiyo ndiyo inayofungwa kwa ufunguo wa siri, na matokeo yake ndiyo saini. Asaini mtu hati mbili, atatoa saini mbili tofauti, kwa hiyo huwezi kuikata saini hapa ukaibandika pale.

Hili la mwisho nalisisitiza kwa makusudi. Nenda duka lolote la steshenari pale Ngamiani, Tanga, utakuta watu wanaskani saini yao ya wino, wanaihifadhi kama picha kwenye simu, kisha wanaibandika kwenye kila PDF inayohitaji kusainiwa. Wenyewe huita saini ya kielektroniki. Kwa kiasi fulani wako sawa, lakini kwa usalama picha ile ni dhaifu kuliko wino, maana yeyote uliyemtumia barua moja amekwisha kuimiliki saini yako maisha yako yote.

Ugonjwa wa Meinertzhagen, wa kurudi nyuma na kuandika upya jana, ulipata dawa yake mwaka 1991. Stuart Haber na Scott Stornetta, watafiti wa New Jersey, walijiuliza jinsi ya kuthibitisha tarehe ya faili bila kumwamini mtunza saa yeyote. Jibu lao lilikuwa kuziunganisha heshi za nyaraka za watu wengi katika mnyororo mmoja, kila moja ikiibeba iliyoitangulia, hata anayetaka kuchomeka ukurasa katikati alazimike kuvunja pingu zote zinazofuata. Kampuni waliyoianzisha ikaanza, mwaka 1995, kuchapisha heshi ya mnyororo huo kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Ili kughushi tarehe ya hati moja, mtu angepaswa kukusanya magazeti yote ya siku ile duniani na kuyachapa upya. Waliobuni sarafu ya Bitcoin baadaye walijenga juu ya kazi hiyo na kuitaja.

Tanzania iliingia katika ubishi huu kupitia benki. Katika kesi ya biashara namba 4 ya mwaka 2000, Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, iliulizwa kama taarifa ya akaunti iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta inaweza kuwa kitabu cha benki kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya 1967, iliyotungwa wakati vitabu vya benki vilikuwa vitabu kweli. Jaji Nsekela alikubali. Mahakama, kwa maoni yake, haikuweza kufumbia macho jinsi benki zinavyofanya kazi. Bunge lilifuata kwa marekebisho ya 2007, kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Sheria hiyo haisemi kwamba hati ya kompyuta ni ya kweli. Inamtaka hakimu aangalie ilitengenezwaje, ilitunzwaje, uzima wake ulilindwaje na mwenye kuitoa alitambuliwaje. Na saini inayoitwa salama ni ile ambayo ni ya mtu mmoja tu, iko chini ya mamlaka yake pekee, na imefungwa na hati kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana. Hayo yote ni maelezo ya funguo mbili, bila kuzitaja.

Miaka miwili baadaye nchi ilionyeshwa ukubwa wa tatizo kwa makaratasi ya kawaida. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Kilichowanasa ni kulinganisha karatasi na daftari la Baraza la Mitihani, cheti kwa cheti. Kadhi wa Mrima angeitambua kazi hiyo mara moja, kwamba hati imetiliwa shaka, sasa aitwe shahidi. Cheti kilichosainiwa kwa ufunguo wa Baraza kingejitolea ushahidi chenyewe, mezani kwa mwajiri, bila barua kwenda wala kurudi.

Mfano wa kitu cha namna hiyo tayari uko mifukoni mwa watu. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa nchini 31 Januari 2018, ina chipu yenye picha na maelezo ya mwenyewe, na maelezo hayo yamesainiwa kwa ufunguo wa nchi iliyoitoa. Ofisa wa mpakani mwenye kifaa kinachofaa na ufunguo wa wazi wa nchi hiyo anaweza kujua kwa sekunde chache kama kuna herufi iliyoguswa. Hawezi kujua kwa njia hiyo kama aliyeketi dirishani siku ya maombi alidanganywa na cheti cha kuzaliwa cha uongo. Chipu itasaini uongo huo kwa uaminifu uleule.

Hapo ndipo nyaraka za kompyuta zinaporudi kwenye udhaifu wa wanadamu. Ufunguo wa wazi wenyewe nani anathibitisha kuwa ni wa fulani? Mamlaka ya vyeti. Na mamlaka ikiingiliwa? Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Kiholanzi DigiNotar na kujitolea vyeti vya uongo, kikiwemo cha Google, ambavyo vilitumika kuwasikiliza watu nchini Iran. Kihesabu, vyeti vile havikuwa na kasoro. Vilikuwa na saini halisi ya mamlaka halisi, kwa ajili ya watu wasiohusika. Kampuni ilifilisika mwaka huohuo. Halikadhalika mkurugenzi anayemwachia katibu muhtasi nywila ya ufunguo wake kwa sababu ana safari amekwisha kulivunja lile sharti la mamlaka ya mtu pekee, na hakuna hesabu itakayomtambua. Hata Meinertzhagen, angekuwa na ufunguo wake, angeisaini kila jioni shajara yake ya uongo. Muhuri wa tarehe ungemzuia kuubadilisha uongo wa Jumatatu ukifika Ijumaa. Kuuandika Jumatatu usingemzuia.

Na sasa liko suala la umri, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha nchini. Nyaraka za utawala wa Kijerumani ziko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ukiziskani leo na kuzisaini, saini itathibitisha kwamba picha haijaguswa tangu leo. Kwa miaka 100 na zaidi kabla ya leo haina la kusema, na hapo bado tutategemea wino, karatasi na orodha za makarani. Lakini karatasi zile, zikitunzwa, zinasomeka. Saini ya kompyuta huchakaa kwa namna nyingine. Kanuni ya SHA-1 ilitolewa mwaka 1995 na kutumika karibu kila mahali. Februari 2017 watafiti wa Amsterdam na wa Google walitengeneza faili mbili za PDF zenye maudhui tofauti na heshi moja. Toka siku hiyo saini iliyosimama juu ya SHA-1 peke yake haikufaa tena kuaminiwa.

Miaka 22, basi. Hatimiliki ya ardhi hapa nchini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na wizara ya ardhi imekuwa ikizihamishia kumbukumbu zake kwenye mfumo wa kompyuta. Hati ya kiwanja cha Raskazone ikisainiwa kidijitali mwaka huu kwa miaka 99 itapita, kwa kipimo hicho, katika kanuni nne au tano kabla haijaisha muda wake. Kila mara ofisi italazimika kuipiga muhuri mpya wa tarehe juu ya ule wa zamani, na kufanya hivyo kabla wa zamani haujavunjwa, kwa maana ukishavunjwa, muhuri mpya utakuwa unathibitisha hati ambayo huenda imekwisha kubadilishwa.